Amoxicillin mbili, jina moja: upana wa safu kwenye matokeo ya kweri mnaupangaje?

#1 Msimbo255

Habari za jioni wakuu.

Natunza programu ndogo ya kuhesabu akiba kwenye duka moja la dawa hapa Morogoro. Hifadhidata ni SQLite, kompyuta ni ya zamani, inaendesha Ubuntu 18.04. Kila Jumamosi jioni mwenye duka anataka kuona dawa zinazokaribia kuisha. Nafungua terminali, naandika `.mode column` (mtindo wa kupanga matokeo kwa safu), naendesha kweri (ombi la kusoma hifadhidata), yeye anasoma skrini na kuandika oda kwenye daftari. Tumeenda hivyo muda mrefu bila tatizo.

Jumamosi iliyopita skrini ilitoka hivi:

```
dawa        idadi       rafu
----------  ----------  ----------
ORS         4           B2
Amoxicilli  12          A1
Amoxicilli  30          A1
Diclofenac  41          C3
```

Amoxicillin 250mg na Amoxicillin 500mg zote zimegeuka "Amoxicilli". Mwenye duka akadhani zilizobaki 12 ni za 500mg, akaagiza 500mg. Kumbe zilizokuwa zinaisha ni za 250mg. Tumegundua mzigo umeshafika. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, ni hela imelala kwenye maboksi yasiyohitajika, lakini tangu siku hiyo sina amani. Ndani ya hifadhidata kila kitu kilikuwa sahihi. Kilichotupotosha ni upana wa safu.

Sasa nimeamua kuandika programu yangu kwa Python inayochapa jedwali lenyewe. Nilitegemea `cursor.description`, maelezo ya safu ambayo Python hutoa baada ya kweri, itanipa upana wa kila safu, lakini naona inarudisha jina la safu tu, vingine sita vyote ni `None`, yaani tupu. Nikajaribu kuipa kila safu herufi 20: namba zinaelea kwenye nafasi tupu na maelezo yanakatwa katikati.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: upana wa safu unatolewa wapi hasa? Kwenye aina ya data, kwenye data yenyewe, au kwenye skrini?

---

#2 fundi_rekodi

Pole sana mkuu. Nianze na kilichokupata, maana kina maelezo kamili.

Ubuntu 18.04 inakuja na SQLite 3.22. Kwa matoleo ya wakati huo, `.mode column` ilikuwa inaangalia vitu vitatu: urefu wa kichwa cha safu, urefu wa thamani iliyo kwenye rekodi ya KWANZA, na namba 10. Kinachozidi vingine ndicho kinakuwa upana, na rekodi zote zinazofuata zinakatwa hapo. Rekodi yako ya kwanza ilikuwa ORS, herufi tatu, kwa hiyo upana ukabaki 10. "Amoxicilli" ni herufi 10 kamili, hesabu mwenyewe. Wiki ambayo Amoxicillin 250mg ingekuwa juu, safu ingepata herufi 17 na usingeona tatizo lolote. Ndiyo maana mmekaa muda mrefu bila kulijua.

Kuanzia toleo 3.33.0 la Agosti 2020 tabia hiyo ilibadilishwa: safu inapanuka kufuata thamani ndefu kuliko zote, na kuna mitindo mipya ya `box` na `table`. Kama huwezi kuinua toleo, andika upana mwenyewe kabla ya kweri:

```
.mode column
.headers on
.width 28 -6 6
```

Hiyo alama ya kutoa kwenye 6 inaegemeza safu kulia, inafaa kwa namba.

Kuhusu `cursor.description`: kanuni ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, PEP 249, inataja vitu saba kwa kila safu, na kimojawapo ni upana wa kuonyesha. Lakini vya lazima ni viwili tu, jina na aina. Maktaba ya sqlite3 inajaza jina peke yake. Usiitegemee.

---

#3 kijana_wa_php

Mimi natumia MySQL na huwa naona `INT(11)`. Si ndiyo upana wenyewe huo? Namba 11?

---

#4 fundi_rekodi

Hapana kijana, na umefanya vizuri kuuliza kwa sababu wengi wanadhani hivyo. Hiyo 11 haizuii chochote kuhifadhiwa. Ukiandika `INT(3)` bado utaweka 2000000000 bila shida. Ilitokana na namba ndogo kuliko zote inayoingia kwenye INT, yaani -2147483648, ambayo ukihesabu pamoja na alama ya kutoa ni herufi 11. Tangu MySQL 8.0.17 upana huo wa kuonyesha umewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoachwa.

Ila ndani yake kuna wazo la kubeba. Aina nyingi za data zina kikomo unachokijua kabla hata hujasoma rekodi moja. INT haitazidi 11. BIGINT, namba kamili kubwa zaidi, haitazidi 20. UUID, kitambulisho cha kipekee, ni 36 daima. Tarehe na saa bila sehemu za sekunde ni 19. Hizo huna haja ya kuzipima. Kinachosumbua watu ni maandishi.

---

#5 shangazi_sql

Wanangu, nimesoma uzi huu wote. Mimi nimekaa na Oracle miaka mingi, na SQL*Plus, programu yake ya kuandikia kweri, ndiyo iliyonifundisha jambo hili kwa nguvu.

SQL*Plus inaamini kilichotangazwa kwenye jedwali. Safu ikiwa `VARCHAR2(4000)` inataka nafasi hiyo yote hata kama kila rekodi ina neno moja. Mstari kwa kawaida una herufi 80, basi utaona vistari chini ya kichwa vinajaza mstari mzima, na safu zinazofuata zinaporomoka chini. Upande wa pili, safu ikiwa `CHAR(1)` yenye kichwa JINSIA, utaona herufi J peke yake, kwa sababu kichwa cha safu ya maandishi kinakatwa kufuata upana wa safu. Mgeni akiangalia hajui J ni nini. Kwa hiyo Msimbo255, jibu langu la kwanza: upana uliotangazwa ni ahadi ya hifadhi, hauelezi kilichomo. Mtu aliyebuni jedwali aliandika 255 au 4000 kwa kujihami tu.

Ndiyo maana kila mfanyakazi wa Oracle ana faili lake la mistari kama hii:

```
SET LINESIZE 150
COLUMN dawa FORMAT A28
COLUMN bei FORMAT 9,999,990
COLUMN maelezo FORMAT A40 WORD_WRAPPED
```

Jambo la pili ndilo ninalotaka ulishike. Kwenye SQL*Plus, namba isipoenea kwenye upana wake haikatwi. Inaonyeshwa kama `#####`. Vijana hulalamika kwamba inaudhi. Mimi nasema aliyeamua hivyo alikuwa mtu makini. Jina lililokatwa mtu anaweza kulibahatisha. 125000 ikikatwa ikawa 12500, bado inaonekana namba halali kabisa, na mtu atalipa kwa namba hiyo. Alama za reli zinamlazimisha msomaji asimame.

---

#6 Msimbo255

Shikamoo shangazi. Nashukuru mno, na wewe pia fundi_rekodi.

Nimeelewa kwamba aina ya data inatosha kwa namba na tarehe, na kwa maandishi nipime data yenyewe. Sasa nimekwama hapa: jedwali la mauzo lina rekodi kama laki mbili, na kuna safu ya `maelezo` ambayo kwa kawaida ina maneno matatu manne, ila kuna rekodi moja mtu alibandika barua nzima ya msambazaji, herufi 300. Nikichukua urefu mkubwa kuliko wote, hiyo rekodi moja inaharibu jedwali zima. Isitoshe nitalazimika kusoma rekodi zote kabla ya kuchapa hata moja.

---

#7 shangazi_sql

Marahaba mwanangu. Laki mbili kwenye skrini anazisoma nani? Weka LIMIT, kikomo cha idadi ya rekodi. Tatizo la herufi 300 ni la kweli, wacha wenzangu waliseme.

---

#8 fundi_rekodi

Hilo la kusoma zote kwanza, wakubwa nao wanalo, na kuona wanavyolitatua kunasaidia.

Programu ya `mysql` kwa kawaida inavuta matokeo yote kwenye kumbukumbu, kisha inajua thamani ndefu kuliko zote kwenye kila safu. Ndiyo maana jedwali lake linakaa sawa kila mara. Ina hata uangalifu mdogo ninaoupenda: safu inayoruhusu NULL, yaani thamani isiyowekwa, haishuki chini ya herufi nne, ili neno NULL lipate pa kukaa. Lakini ukiiwasha kwa `--quick` inachapa rekodi kadiri zinavyofika, haijui zijazo zina urefu gani, basi inarudi kwenye upana uliotangazwa. Ghafla jedwali linakuwa pana ajabu.

`psql` ya PostgreSQL nayo inakusanya zote ndipo ipange. Ukiweka `FETCH_COUNT` ili isijaze kumbukumbu, inapanga kila fungu peke yake: fungu la kwanza lina upana huu, la pili upana mwingine, na safu zinayumba ukishuka chini. Mwongozo wao wenyewe unakiri kwamba haipendezi.

Hakuna njia ya tatu ya ajabu. Ama unangoja ujue yote, ama unapima sehemu na kukubali kwamba rekodi ya baadaye inaweza kuzidi. Mimi kwa kazi zangu napima rekodi 500 za kwanza, na inayozidi baadaye naikunja ndani ya safu yake. Kupima moja tu kama ilivyofanya SQLite ya zamani ndiko kulikokuponza.

Na usithubutu kuuliza dereva, yaani maktaba inayounganisha programu na hifadhidata. Niliwahi kuandika kifaa cha Java kinachotumia `getColumnDisplaySize`. Kwa safu ya aina ya `text` kwenye PostgreSQL ilinirudishia 2147483647. Msimbo wangu ukatii, ukajaribu kujaza nafasi tupu kufikia hapo, na programu ikafa kwa kukosa kumbukumbu mbele ya mteja.

---

#9 Mfumaji

Mimi ni mtu wa tovuti, na huku kwetu swali hili lilijibiwa zamani. Mwezi Mei 1996 Dave Raggett aliandika waraka wa RFC 1942 kuhusu majedwali ya HTML, na humo kuna hesabu fupi ya kugawa upana. Inafaa hata kwenye terminali.

Kila safu ina namba mbili. Ya kwanza ni upana mdogo unaovumilika, yaani urefu wa neno refu kuliko yote ambalo hutaki livunjike. Ya pili ni upana unaotosha bila kukunja mstari kabisa. Kila safu inapewa kwanza kile kidogo chake. Nafasi iliyobaki inagawiwa kwa uwiano wa tofauti kati ya namba hizo mbili.

Tufanye na data ya Msimbo255. Skrini herufi 80, safu nne, nafasi mbili kati ya safu na safu, kwa hiyo 6 zimeondoka, zimebaki 74.

namba: kidogo 4, kikubwa 4
dawa: kidogo 11 (Amoxicillin), kikubwa 28
maelezo: kidogo 12, kikubwa 300
bei: kidogo 9, kikubwa 9 (1,250,000 pamoja na mikato)

Vidogo vyote jumla ni 36. Zinabaki 38 za kugawa. Tofauti ya dawa ni 17, ya maelezo ni 288, jumla 305. Basi dawa inapata 11 + 17×38/305, yaani 13 na kidogo. Maelezo yanapata 47 na ushee.

---

#10 Msimbo255

Mkuu Mfumaji, asante kwa kuweka hesabu wazi. Lakini tazama: dawa imepata 13. "Amoxicillin 250mg" ni 17. Nimerudi palepale! Na aliyeninyang'anya nafasi ni ile barua moja ya msambazaji.

---

#11 Mfumaji

Uko sahihi, na ndiyo udhaifu wake. Kwenye kivinjari haiumi kwa sababu neno la pili linashuka mstari wa chini, halipotei. Terminali inayokata ni jambo jingine.

Dawa yake ni kutoiruhusu ile 300 kuingia kwenye hesabu. Usichukue urefu mkubwa kuliko wote. Chukua ule ambao rekodi 95 katika kila 100 zinaenea ndani yake. Tuseme kwa maelezo ni 40. Tofauti inakuwa 28 badala ya 288, jumla 45. Dawa: 11 + 17×38/45, inafika 25. Maelezo: 35. Tayari sura ni nyingine. Rekodi tano kati ya mia zitakunjwa au kufupishwa, tisini na tano zitasomeka.

---

#12 Mwanatanga

Nimefuatilia kimya, ruhusuni niseme moja. Hesabu ya Mfumaji inampa zaidi mwenye njaa zaidi. Kwetu tukiandaa sinia, mtoto anayekula kidogo anashiba kwanza, kinachobaki ndicho wakubwa wanagawana. Safu nazo zigawiwe hivyo.

Panga safu kuanzia inayohitaji kidogo. Kila moja ikifika zamu yake, angalia fungu lake la haki ni kiasi gani ukigawa nafasi iliyobaki kwa idadi ya waliobaki. Ikihitaji chini ya fungu hilo, ipe inachohitaji tu, ziada irudi kwenye sinia.

```python
def gawa(mahitaji, nafasi):
    upana = [0] * len(mahitaji)
    foleni = sorted(range(len(mahitaji)), key=lambda i: mahitaji[i])
    for zamu, i in enumerate(foleni):
        waliobaki = len(foleni) - zamu
        upana[i] = min(mahitaji[i], nafasi // waliobaki)
        nafasi -= upana[i]
    return upana

print(gawa([4, 28, 300, 9], 74))
```

Inatoa `[4, 28, 33, 9]`. Namba imeshiba, bei imeshiba, dawa imepata 28 zake zote, na maelezo yamepata 33 zilizobaki. Barua ya msambazaji hata ingekuwa na herufi 3000, jibu ni lilelile. Huhitaji kukisia hiyo asilimia 95.

---

#13 Mfumaji

Nimeijaribu sasa hivi. Ni safi. Nikiilazimisha hesabu yangu isiguse safu ya dawa, yaani kidogo chake kiwe 28, nami napata 33 kwa maelezo. Ila mimi nililazimika kuchagua safu ya kulinda, yako imefika hapo yenyewe. Kwa terminali naikubali yako.

---

#14 shangazi_sql

Nzuri sana Mwanatanga. Naongeza onyo moja. Hiyo imelinda jina la dawa kwa sababu kwenye mfano huu ni fupi kuliko maelezo. Siku safu zikiwa kumi, fungu la haki litashuka hadi herufi sita hivi na jina litakatwa tena. Kuna safu zinazotambulisha kitu: jina, namba ya kumbukumbu, kipimo cha dawa. Hizo zitenge nje ya sinia kabla ya kugawa. Na za namba zote, kwa sababu niliyoieleza juu.

---

#15 KaratasiNbo

Salamu kutoka Nairobi. Naona mnahesabu "herufi" kama jambo rahisi. Kwetu lilituumiza.

Tulikuwa na orodha ya wakulima wa Mũrang’a. Kila jina lenye ũ au ĩ lilisukuma safu zilizofuata kuelekea kushoto, na yenye alama ya ng’ ilisukuma zaidi. Ripoti ilionekana kama meno yaliyopandana. Sababu: programu ilihesabu baiti. Neno Mũrang’a lina herufi 8 ukihesabu na kile kikato. Lakini kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, ũ inachukua baiti 2, na kikato kilichopinda kinachokuja na simu na Word kinachukua 3, kwa hiyo jumla ni baiti 11. Programu ikadhani neno lina upana wa 11, ikaongeza nafasi tupu tatu pungufu.

Kwenye MySQL, `LENGTH()` inakupa 11 na `CHAR_LENGTH()` inakupa 8. PostgreSQL na SQLite, `length()` ya maandishi inahesabu herufi. `printf` ya lugha ya C inahesabu baiti, na hapo ndipo tulipoanguka.

Kuna ngazi nyingine. ũ inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na kiwimbi kinachokaa juu yake. Machoni ni sawa, kwa `len()` ya Python ni moja dhidi ya mbili. Tunasafisha kwa `unicodedata.normalize("NFC", s)`, inayounganisha u na kiwimbi kuwa herufi moja, kabla ya kupima. Na kama dukani mna bidhaa zenye majina ya Kichina, kila herufi yao inakaa nafasi mbili kwenye terminali. Maktaba ya `wcwidth` inalijua hilo, ina `wcswidth` ya kupima neno zima.

---

#16 kijana_wa_php

Jamani hili la kikato limenifumbua. Kwenye mfumo wetu kuna "ng'ombe" na "ng’ombe", na mtu akitafuta moja hapati nyingine. Naenda kuangalia.

---

#17 fundi_rekodi

KaratasiNbo ameniwahi. Niongeze kuhusu kukata penyewe, maana mahali ambapo kukata hakuepukiki, swali ni unakata wapi.

Mazoea ni kukata mwisho. Kwa majina ya watu inaweza kufaa. Kwa dawa ni hatari, kwa sababu kinachotofautisha kiko mwishoni: 250mg au 500mg, vidonge au maji. Vivyo hivyo namba za ankara zinazoanza na mwaka uleule. Hapo kata katikati, acha kichwa na mkia:

```python
def fupisha(s, n):
    if len(s) <= n:
        return s
    if n < 3:
        return s[:n]
    mkia = (n - 1) // 2
    return s[:n - 1 - mkia] + "…" + s[-mkia:]
```

Kwa upana wa 12 unapata `Amoxic…250mg` na `Amoxic…500mg`. Na ile alama ya nukta tatu iwepo kila mara. Mkuu, kama "Amoxicilli" ingekuwa na alama hiyo mwishoni, nadhani mwenye duka angeuliza.

Tena, kata tu pale mtu anaposoma kwa macho. `sys.stdout.isatty()` ikisema matokeo yanaenda kwenye faili, usikate kitu, usijaze nafasi tupu. Programu ya `mysql` inafanya hivyo: ikiona haiko mbele ya mtu inaacha mipaka ya jedwali na kutenganisha kwa tabo.

---

#18 Risiti_na_Wino

Mimi nafunga mashine za risiti madukani, na huku skrini ya herufi 80 ni ndoto. Karatasi ya milimita 58 ina nukta 384 kwa upana, herufi ya kawaida ina nukta 12, basi unapata herufi 32 kwa mstari. Ya milimita 80 inakupa 48. Hakuna kupanua.

Kwa 32, safu nne hazikai hata ugawe vipi. Wengi wanaobana jina kuwa herufi 12 ndio wanaoletewa malalamiko. Tunaacha jedwali kabisa: jina linachukua mstari wake wote, hesabu inashuka chini na kuegemea kulia.

```
Amoxicillin 250mg
           2 x 3,500       7,000
```

Karatasi ni ndefu kidogo, ila mteja anajua alichonunua.

---

#19 shangazi_sql

Risiti_na_Wino amesema jambo ambalo hata programu kubwa zinalifanya. MySQL ukimaliza kweri kwa `\G` badala ya nukta-mkato, kila safu inakaa mstari wake. PostgreSQL ina `\x auto`, yenyewe inapima: jedwali likienea kwenye skrini inalilaza, lisipoenea inalisimamisha. Msimbo255, jumlisha vile vidogo vya kila safu. Vikizidi skrini, usigawe tena. Simamisha.

Na kama unataka kuona jedwali pana bila kukunjwa, `less -S` inakuruhusu kusogea kulia na kushoto kwa mishale. Mimi ndiyo natumia kila siku.

---

#20 Msimbo255

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimeandika upya.

Programu inapima maandishi kwa `wcswidth` baada ya kuyasafisha kama alivyosema KaratasiNbo. Safu za `dawa` na za namba nimezitenga, hazikatwi kamwe. Zilizobaki zinagawana sinia la Mwanatanga. Upana wa skrini nauchukua kwa `shutil.get_terminal_size()`, ikishindwa inarudisha 80. Vidogo vikizidi skrini, kila dawa inasimama kivyake. Namba isipoenea inaonyesha alama za reli, shangazi.

Nimeiendesha kwenye nakala ya data ya Jumamosi ile ile:

```
dawa               idadi  rafu
-----------------  -----  ----
ORS                    4  B2
Amoxicillin 250mg     12  A1
Amoxicillin 500mg     30  A1
Diclofenac 50mg       41  C3
```

Mwenye duka ameitazama, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama inaweza kutoka kwenye karatasi ya risiti, aibandike ukutani badala ya kuandika daftarini. Mashine yake ni ya milimita 58. Risiti_na_Wino, hiyo idadi na rafu wewe ungezishusha chini ya jina zote mbili, au rafu ungeiweka mwanzoni ili anayepanga mzigo aione kwanza?

---

#21 Risiti_na_Wino

Rafu mwanzoni, mkuu. Nafasi tatu kushoto, halafu jina. Zinabaki 29, na jina lako refu kuliko yote ni 28. Linakaa bila kukatwa. Idadi ishushe chini, kulia, kwa herufi nene.